Wawili Katika Faili Moja

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na hakuna aliyejua nani alianza. Alikuwa mwanamke pekee kati ya walimu wa shule ile ya udereva, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyosikika hata vioo vya gari vikiwa vimepandishwa. Gari lake dogo la mafunzo lilikuwa na kanyagio la pili la breki upande wake, na mpira wa kanyagio hilo ulikuwa umelika hadi chuma kikaonekana. Alikuwa amefundisha wauza nyama, wakunga, mabwana harusi watarajiwa, na mwanajeshi mmoja mstaafu aliyekuwa akitokwa machozi kila walipokaribia mzunguko wa barabara. Hakumkatia mtu tamaa, isipokuwa ndugu zake mwenyewe, ambao alikataa katakata kuwafundisha.

Kazi ile ilimwachia presha. Si presha kali. Ya kidonge kimoja kila asubuhi, alichokuwa akichukua kwenye kituo cha afya cha mtaani kwao. Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa mlangoni kwamba kituo na hospitali kuu sasa vinatumia mfumo mmoja wa kompyuta, alifurahi kuliko watu wengi.

"Kuanzia sasa, mama," karani wa mapokezi alimwambia kwa fahari, "ukienda huko, ukija hapa, wanakuona wewe yuleyule. Hakuna tena kubeba makaratasi."

"Mlichelewa wapi?" Breki akasema, akaenda zake kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipokwenda tena kuchukua dawa. Mfamasia, mama mmoja mtulivu aliyemfahamu kwa miaka mingi, aliandika namba yake kwenye kompyuta, akakunja uso, akaandika upya.

"Mama, dawa hii siwezi kukupa. Una pumu."

"Nani ana pumu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Imeandikwa hapa. Unahudhuria kliniki ya pumu hospitali kuu. Halafu mwaka juzi ulipasuliwa goti la kushoto."

Breki akarudi nyuma hatua moja ili aonekane vizuri dirishani, akapandisha sketi hadi juu ya magoti, mbele ya foleni nzima. "Nitafutie kovu."

Mfamasia akainama kutazama. Akatazama skrini, akarudi kwenye goti. Mzee mmoja kwenye benchi naye akatazama, mkewe akamfinya.

"Kovu silioni," mfamasia akakiri. "Lakini mfumo umegoma. Nikibonyeza kutoa dawa, unaleta ukuta mwekundu. Na kusema kweli, kama ungekuwa na pumu, ningeushukuru kwa kugoma, maana dawa hii na pumu ni moto na petroli. Nenda hospitali kuu wakarekebishe. Hizo habari za pumu zimetoka kwao."

Akaenda. Hospitali kuu ilikuwa na dirisha la kumbukumbu mwisho wa korido, karibu na choo kisichofungika, na foleni yake ilikuwa imezoea harufu. Dirishani alikaa dada mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba. Alisikiliza kwa adabu, akabonyeza hapa na pale.

"Pumu ni ya kwetu, ndiyo," akasema. "Lakini presha ni ya kituo chenu. Huenda kosa ni la presha."

"Kosa la presha vipi? Presha ninayo! Nilikuwa nayo, na sasa hivi imepanda!"

"Naelewa, mama. Ila mimi nasoma tu, kufuta siwezi. Anayeweza ni Bwana Mtandao."

Bwana Mtandao ndivyo hospitali nzima ilivyomwita mtaalamu wa kompyuta, kwa kuwa alikuwa mmoja tu. Siku hiyo hakuwepo.

"Yuko kwenye mafunzo ya mfumo mpya," dada wa miwani akaeleza.

"Mpya kuliko huu mpya?"

"Huu ulikuwa mpya mwanzoni mwa mwaka."

Breki akafumba macho kama afanyavyo mwanafunzi anaporudisha gari nyuma kwenye ukuta. Akaandika malalamiko yake, akaambiwa atapigiwa. Hakupigiwa. Akarudi kituoni, kituo kikasema subiri hospitali. Akaenda hospitali, hospitali ikasema tumewaandikia kituo. Wakampiga danadana hivyo hadi viatu vyake vya kazini vikaanza kuachia soli. Dawa akawa anajinunulia kwenye duka la dawa kwa kuonyesha pakiti tupu ya zamani.

Wakati huohuo simu yake ikaanza kupata ujumbe. *Unakumbushwa kuhudhuria kliniki yako ya pumu.* Akajibu kwa herufi kubwa: MIMI SINA PUMU. Jibu likaja papo hapo: *Asante kwa kuwasiliana nasi. Namba hii haipokei ujumbe.* Juma lililofuata ukaja mwingine: *Hukuhudhuria kliniki. Kumbuka, afya yako ni jukumu lako.*

"Jukumu langu!" alifoka, akamsukumia mumewe simu usoni. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, na muda mwingi wa mchana alikuwa na misumari midogo mdomoni, jambo lililomsaidia sana katika ndoa. Akaitema mkononi taratibu.

"Si uende tu hiyo kliniki, ukawaambie?"

"Niende nikapimwe mapafu ya mtu mwingine?"

Fundi akachukua simu, akasoma ule ujumbe tena. "Ya mtu mwingine," akasema. "Sasa huyo mwenyewe anakumbushwa na nani?"

Breki akamnyang'anya simu, akausoma mwenyewe. Hakuwa amewaza hilo. Alikuwa amekasirika kwa ajili yake mwenyewe, kwa sketi yake na kwa soli za viatu vyake, na kumbe kulikuwa na mwanamke mahali fulani ambaye pumzi yake ilikuwa inaletewa ujumbe kwenye simu isiyo yake. Akapiga simu kituoni hapohapo. Akaeleza kwamba si yeye tu, kuna mgonjwa wa pili, mtafuteni. Sauti ya upande wa pili ikamshukuru kwa taarifa na kusema italifanyia kazi.

"Wanalifanyia kazi," akamwambia mumewe, akakata simu. "Sijui kazi gani isiyo na mfanyakazi."

Siku mambo yalipolipuka, Breki alikuwa barabarani na mwanafunzi mmoja, mpishi wa hoteli mwenye mikono mizito, akimfundisha kuegesha kati ya magari mawili. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ukiwa ndani ya buti la gari, kwa sababu ndiyo sheria aliyoiweka mwenyewe. Kwa hiyo hospitali ilipopiga, iliipata namba iliyofuata kwenye faili: ya fundi makochi.

"Mkeo tumemlaza wodi ya wanawake," sauti ikamwambia. "Anapumua kwa shida. Ni vizuri ndugu mfike mapema."

Fundi akameza msumari. Baadaye alisema ni mate tu aliyomeza, lakini dada yake, aliyekuwa amekaa naye karakana wakati ule, anashikilia kwamba ni msumari. Alimpigia mkewe mara nyingi bila kupokelewa. Mke ana presha. Mke anakunywa dawa za kununua bila kupimwa. Yale mambo ya kuchanganywa kwa mafaili yakamtoka kichwani kabisa. Wakatoka mbio, yeye na dada yake, na karakana ikabaki wazi.

Wodini walionyeshwa kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, kinyago cha oksijeni kimemfunika pua na mdomo, shuka limevutwa hadi kidevuni. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka kwa nguvu, kama ya mtu aliyetoka kukimbizwa. Dada wa fundi, ambaye kwa kawaida na Breki walikuwa hawaivi chungu kimoja, akajishika kichwa na kuangua kilio.

"Wifi yangu jamani! Wifi! Asubuhi nilimwona mzima, ona alivyokonda!"

Fundi hakulia. Alikuwa akiitazama miguu iliyochomoza chini ya shuka, miguu myembamba yenye vidole virefu. Akasogea, akatazama mikono. Akatazama paji la uso.

"Huyu siye," akasema.

Nesi wa zamu alikuwa amechoka, na aliongea naye kwa upole wa mtu aliyeona mengi. "Baba, pole. Ni mshtuko. Ugonjwa unabadilisha sana sura ya mtu."

"Sista, huyu siye mke wangu."

"Jina ni lake. Yote matatu. Namba ni yake, mwaka wa kuzaliwa ni wake, simu tuliyokupigia imo humuhumu kwenye faili."

"Faili ni lake. Mtu siye."

"Haya, kama siye, mkeo yuko wapi?"

"Yuko barabarani," fundi akasema, na aliposikia maneno yakitoka kinywani mwake mwenyewe, akakaa kwa nafuu kwenye kitanda cha jirani. "Anamfundisha mtu kuegesha."

Breki alipofungua buti na kuiona simu imejaa jina la mumewe na namba ya hospitali kuu, alimwambia mpishi aendelee kushika usukani, twende hospitali. Mpishi akasema hajawahi kuendesha katikati ya magari mengi hivyo. "Leo utakuwa umewahi," Breki akamjibu. Walifika wakiwa wamepanda ukingo wa barabara mara kadhaa na kutukanwa na kila mwenye pikipiki, na mpaka leo mpishi huyo anasema hakuna somo lililomfaa kama lile.

Alipoingia wodini kwa kishindo chake, wifi yake akapiga ukelele wa pili, mkali kuliko wa kwanza. Nesi akamtazama Breki, akamtazama mgonjwa, akalifungua faili kwenye kompyuta ya toroli, akalifunga. "Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo.

Kelele zile ndizo zilizomwamsha mgonjwa. Nesi alimsogezea kinyago pembeni kidogo, Breki akamwinamia.

"Dada, unaitwa nani?"

Mgonjwa akataja jina, akivuta pumzi kati ya neno na neno. Lilikuwa jina la Breki, la kwake, la baba na la babu, bila kukosea hata herufi. Wakatazamana.

"Wewe ndiye pumu," Breki akasema.

Mgonjwa akafikiri. "Na wewe," akasema, "ndiye presha?"

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mtaani kwao walimwita Mama Sare. Alikuwa mtu wa maneno machache hata alipokuwa na pumzi za kutosha. Alieleza kidogo kidogo. Alikuja hospitali kwa ajili ya mgongo, kwa sababu ya kuinamia cherehani. Daktari wa wagonjwa wa nje akafungua kompyuta, akamgombeza: una presha, dawa hujachukua muda mrefu, unataka upooze? Akampima, na kweli ilikuwa imepanda kidogo, kama ya mtu yeyote aliyegombezwa. Akamwandikia vidonge. Mama Sare akaanza kuvinywa. Kifua kikaanza kubana. Kila kilipobana, akajiambia ni vumbi la vitambaa.

"Hukumwambia kwamba wewe presha huna?" Breki akauliza.

"Nilijiambia labda niliambiwa nikasahau. Yeye ni daktari. Na ilikuwa imeandikwa."

"Na pumu? Hukumtajia pumu?"

Mama Sare akamtazama kwa mshangao. "Si imo humo kwenye kompyuta? Walisema sasa wanaona kila kitu."

Maneno ya mfamasia, moto na petroli, yakamrudia Breki wakati uleule macho yake yalipotua juu ya toroli. Kikombe kidogo cha plastiki kilikuwa pale, na ndani yake kidonge alichokifahamu kwa rangi na kwa ukubwa. Yeye mwenyewe alikuwa amemeza cha aina hiyo asubuhi hiyohiyo.

"Hiki ni cha nani?"

"Chake," nesi akasema. "Faili linasema anakitumia kila..." Hakumaliza. Alikitoa kile kikombe kwenye toroli, akaenda kumwita daktari wa wodi kwa mwendo ambao manesi hawautumii mpaka kuna jambo.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke mrefu asiyetabasamu ovyo. Tangu asubuhi alikuwa akijiuliza kwa nini dawa za kufungua kifua zilikuwa zinafanya kazi nusunusu. Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama, akaomba pakiti ya vidonge aliyokuja nayo mgonjwa, akaisoma. Kisha hakupoteza muda kumlaumu mtu. Akasitisha kidonge, akabadilisha dawa, akavuta kiti, akakaa pale akimsikiliza mgonjwa kifua. Kuelekea jioni mabega ya Mama Sare yakaanza kutulia. Ndugu zake hawakujua chochote, maana hakuna aliyepigiwa. Breki aliomba namba ya mdogo wake, akampigia yeye mwenyewe. Mdogo huyo alipofika akakuta dadake anatazamwa na familia nzima ya watu asiowajua, akaogopa zaidi.

Siku Mama Sare alipotoka hospitali, Breki alimfuata kwa gari. Kabla ya kumrudisha nyumbani wakapitia kwa Bwana Mtandao, ambaye safari hii alikuwepo. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, chumba cha kuinamia, chenye nyaya zilizoning'inia kama mizizi na feni mbili zilizoelekezwa kwa mashine, si kwa binadamu. Mwenyewe alikuwa amelowa jasho, na simu ya mezani ilikuwa imechomolewa.

Breki alikuja na hotuba. Alikuwa ameitayarisha njia nzima. Lakini aliposema tu majina yao, yule bwana aliinuka, akawapa kiti kimoja kilichokuwepo, Mama Sare akakaa.

"Nimesoma malalamiko yako leo asubuhi," akamwambia Breki. "Yalikuwa chini ya mengine mia na kitu. Siwezi kukudanganya. Niko peke yangu, mama. Printa ikikwama wananiita mimi. Daktari akisahau neno la siri, mimi. Juzi nimeitwa kutengeneza jokofu."

Akawageuzia skrini akawaeleza. Usiku wa kuunganisha mifumo, programu ililinganisha orodha za pande mbili: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa. Vitu hivyo vikilingana, iliamua yenyewe kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja.

"Tarehe ya kuzaliwa nayo imelingana?" Mama Sare akauliza.

"Nyote mmezaliwa mwaka mmoja, tarehe mosi, mwezi wa kwanza."

"Aliyesema nani? Mama yangu alisema nilizaliwa wakati wa kupalilia."

"Ndiyo hivyo. Asiyejua tarehe, wanamwandikia tarehe mosi. Nusu ya watu wa umri wenu mnasherehekea pamoja." Akafuta jasho. "Kulikuwa na orodha ya wale wenye shaka, ili mtu awapitie mmoja mmoja kwa macho. Mtu huyo hajaajiriwa."

"Na lile onyo?" Breki akauliza. "Mimi kituoni waliniwekea ukuta mwekundu nikakosa dawa ninayoihitaji. Huyu hapa wakampa isiyomfaa. Ukuta wake ulikwenda wapi?"

"Kituoni linazuia. Hapa linaonya tu, unabonyeza unapita. Madaktari waliomba hivyo, kwa sababu linaonya kwa kila kitu. Mtu ana mafua, linaonya. Daktari ana foleni inayofika getini. Anabonyeza, anapita."

Breki akatafuta pa kuielekeza hasira yake, na kila alipoitupa ilikuta mtu aliyechoka. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Angependa sana apatikane mpumbavu mmoja.

"Basi tutenganishe," akasema.

"Sina ruhusa. Kuunganisha kunajifanya kwenyewe; kutenganisha mpaka kampuni iliyotengeneza programu. Na wanataka uthibitisho kwamba ninyi ni watu wawili."

"Tuko hapa mbele yako!"

"Mimi nawaona, mama. Wao hawawaoni."

Akawapiga picha pamoja, kila mmoja ameshika kitambulisho chake kifuani, wakiwa wamebanana chini ya ngazi. Akaituma. Kampuni ilijibu baada ya muda mrefu, kwa sentensi moja yenye heshima: *Tafadhali thibitisha ni yupi kati ya hawa ndiye mgonjwa.*

Breki aliposomewa jibu hilo alicheka hadi akalazimika kushika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akapanda ngazi, akaenda kukaa nje ya mlango wa mganga mkuu, akamwambia katibu kwamba leo hana wanafunzi.

Mganga mkuu alikuwa ameshapata maelezo ya daktari wa wodi, na hayakuwa maelezo laini. Alimpokea Breki kwa uungwana, akamwombea radhi, kisha akaanza kuutetea mfumo, wala hakusema uongo. Alimweleza juu ya mtoto aliyeletwa na wapita njia akiwa amezirai, wakakuta kadi ya kliniki mfukoni mwake, wakafungua taarifa zake za kituo cha mbali, wakajua ana kisukari, wakamwahi. "Zamani tungekisia," akasema. "Na tungekisia vibaya."

"Sikatai," Breki akasema. "Mungu amkuze. Mimi sisemi mzime mashine zenu. Nasema niliwaambia. Niliwaambia dirishani, niliwaambia kwa simu, nilijibu na huo ujumbe wenu usiopokea ujumbe. Nikasema kuna mwanamke mwingine humu, mtafuteni. Kila mtu alinisikia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kusimamisha kitu. Sasa niambie, daktari, mgonjwa akisema 'huyu si mimi', anamwambia nani?"

Mganga mkuu akachukua kalamu, akaizungusha kidogo. "Kwa sasa," akasema, "hamwambii mtu."

"Basi."

Hakuna muujiza uliotokea baada ya hapo, ila mambo yalisogea. Programu ilizuiwa kuunganisha watu yenyewe. Dada wa miwani alitolewa dirishani akapewa kazi ya kupitia ile orodha ya wenye shaka, na akawakuta wengine: mapacha walioandikwa kwa jina la baba tu wakageuzwa mtu mmoja, na mama mmoja aliyekuwa akiitiwa chanjo za mtoto asiye wake. Kampuni, baada ya barua ya mganga mkuu, ikakubali kwamba binadamu wawili ni wawili. Lakini ilipowatenganisha, historia yote ilimwendea Mama Sare, na Breki akapewa namba mpya, safi kama daftari la dukani. Kwa mujibu wa mfumo, mwanamke huyu wa makamo hakuwahi kuumwa wala kupimwa. Hata kuzaa hakuwahi. Mfamasia wa kituoni alikaa naye siku nzima wakaingiza upya yale aliyoyakumbuka, na pale aliposahau, mumewe alikumbushia kwa simu. Barua ya kuwaomba radhi nayo ilikuja. Ilikuja moja.

Mama Sare hakupona haraka. Pumzi yake ilibaki fupi kwa muda, na alilazimika kumwachia mdogo wake cherehani ya kukanyaga. Kibaya zaidi, alianza kuiogopa hospitali. Siku za kliniki zilipofika alikuwa akijitafutia kazi nyingine, na Breki akawa anamfuata mlangoni, anampigia honi mpaka majirani watoke. Alimpeleka, akasimama naye dirishani, akamsemea kwa sauti yake ya kutoboa vioo: huyu ana pumu, presha hana, andika. Wafanyakazi walimwogopa. Mama Sare alikuwa akitazama chini.

Halafu siku moja Breki alichelewa. Alikuwa na mwanafunzi kwenye mtihani, na alipofika hospitali akitweta, namba ya Mama Sare ilikuwa imeshaitwa. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi nusu. Ndani alikaa daktari mpya, kijana mwenye haraka, macho yake kwenye skrini, akimwashiria mgonjwa kiti bila kugeuka. Mama Sare hakukaa. Alikuwa amesimama mbele ya meza, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Nina pumu," Breki akamsikia akisema. "Presha sina."

"Naona hapa, mama," daktari akasema. "Iko kwenye kompyuta."

"Hata kama unaiona," Mama Sare akasema, na akangoja mpaka kijana yule alipogeuza uso na kumtazama. "Mimi nakwambia."